Pilau ya Arubaini ya Baba

Maskati, Alhamisi, Juni 1969

Joto. Tangu asubuhi upepo wa magharibi unavuma kutoka milimani, na kila ninachokishika kina moto, hata kitasa cha mlango, hata mto wa kulalia. Watu wamejifungia majumbani. Paka wa kichochoroni wamejilaza chini ya mtungi wetu wa maji wakingoja tone lidondoke.

Leo ni arubaini ya Baba.

Naandika kana kwamba kuna mtu atakayesoma, maana nikianza kufikiri kwamba hayupo nitaweka kalamu chini. Basi wewe usiyekuwepo, karibu, kaa kitako. Pilau ipo.

Ipo nyingi mno. Hiyo ndiyo habari yenyewe ya leo.

Niliamka kabla ya adhana nikawasha kuni uani. Jana nilitoa akiba yote ya fedha iliyokuwa ndani ya kopo. Niliwatuma wanangu wawili, Asya na Khalfan, wakaleta nyama na mchele, na vitunguu vya kutosha kumliza mtu bila ya msiba. Nikaazima sufuria kubwa kwa Bi Ghalya, jirani wa mlango wa mbele. Hakuniuliza ya nini, nami sikumwambia. Niliona hakuna haja. Mtu anayeazima sufuria la pilau siku ya arubaini ya baba yake anapika nini tena?

Kwetu Unguja arubaini haialikiwi. Anayemjua maiti anaijua siku, na asiyeijua huambiwa na harufu ya bizari inayopita dirishani kwake. Wanaume hukaa barazani wakasoma hitima, wanawake hujaa uani, na mwenye msiba hana hata nafasi ya kulia kwa kutafuta sahani. Nilikuwa nikiyaona hayo tangu mdogo, nikidhani ndivyo dunia nzima inavyofanya.

Basi nikatandika mikeka. Nikaazima majuzuu kwa mwalimu wa chuo cha Kurani anakosoma Khalfan, nikayapanga ukumbini. Nikafukiza udi. Mlango wa nje nikauacha wazi kabisa, nikautegea jiwe usijifunge na upepo. Kisha nikakaa.

Adhuhuri ikapita.

Nikasema moyoni, jua kali, watakuja likipoa. Nikapanga sahani upya. Asya akaniuliza kama yeye na mdogo wake wanaweza kula, nikamkaripia, nikamwambia wenyeji hawali kabla ya wageni. Mtoto akaenda akakaa karibu ya mlango, akawa anachungulia kichochoro. Kila akipita mtu anasimama, halafu anakaa tena.

Baba hakustahili hayo. Kama kuna mtu wa kusomewa hitima ya kujaza mtaa, basi ni yeye. Nimesikia watu wengi wakisifiwa baada ya kufa kwao, mpaka nikajiuliza kama ndio wale wale niliokuwa nikiwajua. Baba sina haja ya kumpamba.

Unguja alikuwa na shamba la mikarafuu, si kubwa, lakini la kumtosha mtu kuvaa kanzu nyeupe na kutoa amri. Chai alikuwa akiletewa. Sidhani kama aliwahi kuchemsha maji kwa mkono wake kabla ya kutimiza miaka sitini. Tulipofika hapa mwaka wa sitini na nne tulikuwa yeye, mimi, watoto wawili, na furushi la nguo. Mume wangu alitoka nyumbani asubuhi moja ya Januari ile na hakurudi. Sitaandika habari zake leo. Leo si siku yake.

Baba alizunguka mji wiki nzima akitafuta kazi. Walimwambia mzee, pumzika. Akarudi, akakaa kwenye ngazi, akaniuliza, "Zuwena, vitumbua vinaanzaje?"

Nilidhani anatania. Nikamwambia vinaanza kwa kuroweka mchele. Akasema, "Basi roweka. Hapa sijaona kitumbua hata kimoja. Watu hawa wana shida na hawajijui."

Nilitaka niuze mimi. Alikataa katakata. Alisema, "Wewe kaa na watoto. Kutoka nnatoka mimi." Na akatoka kweli, miaka mitano, kila siku isipokuwa Ijumaa asubuhi na sikukuu. Alikuwa akienda kwa miguu mpaka bandari ya Matrah, akipanda na kuteremka mlima ulio njiani, kuchagua nazi zinazokuja na meli kutoka India. Kila moja aliitikisa sikioni akaisikiliza. Wauza nazi walimchukia, kwa sababu wengine waliokuwa wakinunua nyuma yake nao walianza kutikisa.

Chuma cha kukaangia alikitengenezesha kwa mhunzi wa huko huko. Mhunzi hajawahi kuona kitumbua maishani mwake. Baba akamchorea mchangani kwa kidole, akamweleza kwa mikono, na mhunzi akafanya vishimo vyenye ukubwa wa bakuli la uji. Siku ya kwanza kitumbua kimoja kiliwatosha watoto wote wawili. Nikamwambia akirudishe chuma. Akasema mhunzi yule ana watoto wengi na aibu ya kurudishiwa kazi ni kubwa. Basi Maskati yote inaamini kwamba kitumbua ni kitu cha kushika kwa mikono miwili. Akija mtu wa Unguja akawauzia cha kwetu, watasema mwizi.

Na nazi alikuwa akizikuna mwenyewe. Hapo ndipo nilipokuwa nikicheka mpaka naegemea ukuta. Mwanamume wa kwetu, tena mwenye ndevu nyeupe na aliyekuwa akisalimiwa kwa kuinamiwa, amekaa juu ya mbuzi ya nazi, magoti juu, kanzu ameibana! Mwanzo alikuwa akifunga mlango kwa komeo kabla hajakalia. Siku moja mume wa Bi Ghalya akabisha, mtoto akamfungulia, akamkuta Baba hivyo hivyo. Baba hakusimama. Akasema anajaribu tu kama meno bado yanakata. Baada ya siku ile akaacha kufunga komeo. "Ameshaona," akaniambia, "wengine wataona nini tena?"

Kitumbua cha kwanza kutoka motoni hakikuwa cha biashara. Alikikata vipande, akavipuliza, Asya kipande, Khalfan kipande, na kipande kingine ananiletea mimi jikoni juu ya ncha ya kisu. Mimi, mwanamke mwenye watoto wake! Nikisema sitaki, anasimama pale pale mpaka nifungue mdomo.

Usiku tukilala nje juu ya dari yeye ndiye aliyekuwa akiroweka shuka za watoto kwa maji ili wapate usingizi. Khalfan alikuwa na miaka mitatu tulipokuja, na muda wote ule hakulala ila mkono wake umeshika ndevu za babu yake. Baba akitaka kugeuka ilibidi amwombe ruhusa.

Tena alikuwa mkali, nisiandike kama alikuwa malaika. Alikuwa akinuna. Chakula kikichelewa alikuwa akitoa kikohozi kimoja ambacho kilinikera kuliko matusi. Jana jioni nilichelewesha chakula, nikajikuta natega sikio.

Alikufa kwa homa, upesi, kama mtu asiyetaka kusumbua. Wanaume wa mtaa wakamwosha, wakambeba, wakamzika alasiri ile ile nje ya ukuta wa mji. Sisi wanawake hatwendi. Naambiwa kaburi lake lina jiwe kichwani na jiwe miguuni, kama la kila mtu, bila ya jina. Sijui ni mawe yapi. Nikipelekwa leo nikaambiwa nenda kwa baba yako, nitasimama pale kama mgeni.

Siku tatu nyumba ilijaa. Wakaja wanawake wa mtaa, wakanipa mkono, wakakaa, wakaleta chakula. Siku ya nne hakuja mtu. Nikasema sawa, wamechoka, wataonana nami arubaini.

Na tangu hapo nyumba imekuwa kimya. Watoto wanazungumza wao kwa wao Kiarabu cha hapa, haraka haraka, siwawahi. Kiarabu changu mimi ni cha chuoni: nasoma, naomba dua, najua majina ya vitu vya peponi, lakini siwezi kununua sindano bila ya kuonyesha kwa kidole. Kila kitu cha nje alikuwa akinisemea Baba. Kofia nilizokuwa nikishona aliziuza yeye. Habari za mjini alizileta yeye, tena alizileta kwa Kiswahili, amezitia chumvi njiani.

Wanawake hapa wananiita Umm Khalfan, mama yake Khalfan. Watoto wananiita Mama. Aliyekuwa akiniita Zuwena ni mmoja tu.

Sasa nirudi kwenye pilau.

Alasiri ikaadhiniwa. Mikeka iko tupu, majuzuu yamepangwa vile vile, udi umekwisha, na mimi nimekaa katikati ya ukumbi kama mtu aliyefika harusini siku siyo. Sikulia. Niliona hasira. Niliwachukia wote. Nikasema, mmekula vitumbua vyake miaka mitano na hata Fatiha moja mmeshindwa kumletea. Nikasema maneno mengine ambayo siyaandiki.

Ndipo akaingia Bi Ghalya. Alikuja kutaka sufuria lake.

Akasimama mlangoni, akatazama jiwe, akatazama mikeka, akatazama sahani.

"Umm Khalfan, una wageni?"

"Leo arubaini ya Baba," nikasema.

"Arubaini ndiyo nini?"

Nilidhani nimekosea neno. Nikamweleza kwa mikono na kwa kile Kiarabu changu, na Asya akanisaidia: siku arobaini, watu wanakuja, wanasoma, wanakula. Alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ukabadilika polepole, na alipofahamu akaweka mkono mdomoni.

"Mama we! Hapa kwetu aza, kukaa matanga, ni siku tatu. Baada ya hapo kila mtu anamwombea maiti moyoni mwake, hakuna kukusanyana tena. Hakukwambia mtu?"

"Nani angeniambia?"

"Ungesikia kwenye kahawa."

"Kahawa gani?" Hapo sauti ikanipanda. "Tangu nije mji huu sijaalikwa kahawa hata siku moja. Nawasikia kila asubuhi mnacheka nyumbani kwako, kikombe nakisikia kikigonga kikombe, na mlango wangu uko hatua chache na wako. Hata siku moja!"

Asya alikuwa akitafsiri, na hapo akanyamaza kwa haya. Lakini Bi Ghalya alikuwa amefahamu.

Akakaa. Akasema taratibu, kama unavyosema na mtoto, "Kahawa ya asubuhi mtu haalikwi. Mlango uko wazi, unaingia, unakaa, unakula tende. Nani anaalika jirani? Mwaka ule mliokuja tulikuwa tunakuwekea kikombe chako. Kila asubuhi. Hukuja. Tukasema labda watu wa Zinjibar wanajiona, hawakai na sisi. Baadaye tukaacha kuweka."

Miaka mitano.

Mimi nikingoja kuitwa, wao wakingoja niingie. Na leo mimi nimepika bila ya kuita mtu, nikakasirika hawakuingia.

Nilianza kucheka. Sijui ilitoka wapi. Nilicheka vibaya, cheko la mtu anayepaliwa, na katikati yake likageuka kilio, kile nilichokuwa sikukilia siku ya mazishi mbele ya watu. Bi Ghalya hakunishika wala hakunibembeleza. Alivuta sinia, akanawa, akasema bismillahi akaanza kula. Akala peke yake kwenye ukumbi uliotandikwa kwa ajili ya watu hamsini, tena akala vizuri, mpaka akashiba. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kama angelia nami.

Kisha akasimama, akasema chakula cha maiti hakilali. Akawaita wanawe kutoka ng'ambo ya kichochoro, wakajaza masinia mawili, wakafuatana na wanangu kwenda kwenye lango la mji, pale Baba alipokuwa akiweka karai lake la vitumbua akiuza. Asya anasema mlinzi wa lango, yule Mbulushi mzee, aliwazuia watu wasitie mkono kwanza. Akawauliza watoto mara mbili jina kamili la babu yao, jina lake na la baba yake, na wote wakamsomea Fatiha kwa jina hilo, wamesimama juani. Wachukuzi, walinzi, na wapita njia. Masinia yamerudi meupe.

Basi Baba amesomewa. Amesomewa na watu nisiowajua mahali ambapo mimi siwezi kwenda kukaa, na wamemtaja kwa jina lake. Nilichokuwa nikimtakia amekipata, tena kizuri kuliko mikeka yangu.

Na mbona bado nimekaa hapa sijaridhika?

Niseme kweli, hapa hakuna wa kumwonea haya. Nilisema napika kwa ajili ya Baba. Nilipika ili watu waje kwangu. Nilitaka uani kwangu kujae wanawake wakinipigia kelele sahani ziko wapi. Nilitaka mmoja aseme, Zuwena, kaa wewe, nitaleta mimi. Baba hakuhitaji pilau. Mwenye njaa ni mimi.

Kabla hajaondoka, Bi Ghalya alisimama pale penye jiwe akaniuliza, "Baba yako alikuwa mtu gani?"

Tangu alipokufa hakuna aliyeniuliza hivyo. Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia habari za nazi alizokuwa akizisikiliza, za mhunzi na vishimo vyake, za komeo aliloacha kulifunga, za kikohozi. Yote nilikuwa nayo, na yote yalikuwa kwa Kiswahili. Kwa Kiarabu nilichokuwa nacho, nikasema, "Rajul swalih." Mtu mwema. Maneno mawili, ya kitabuni, anayosemewa kila mtu.

Akasema, "Mungu amrehemu." Akangoja kidogo kama kuna zaidi. Hakukuwa. Akachukua sufuria lake akaenda.

Sasa ni usiku. Nimekunja mikeka. Nimeamua kwamba kesho asubuhi, nikisikia vikombe, nitavuka kichochoro niingie. Sitangoja sauti. Nitakaa nile tende kama mwenye mji. Na Bi Ghalya atakaponiuliza tena, maana ataniuliza, nataka niwe na neno moja zaidi la kusema juu ya Baba, neno lake hasa, si la kila maiti.

Nimelifikiria tangu magharibi. Nimeona kwamba kitu ninachokikosa kuliko vyote ni kudeka. Mtu mzima mimi, na katika nchi hii alikuwapo mmoja ambaye naweza kumdekea. Nikasema hilo ndilo nitakalolipeleka: alikuwa mtu wa kudekewa.

Nikamwendea Khalfan, yeye Kiarabu chake ni cha mitaani, kinakwenda. Alikuwa amejilaza juu ya dari anatazama nyota. Nikamuuliza, "Mwanangu, Kiarabu cha hapa, kudeka wanasemaje?"

Akafikiri. "Kudeka ndiyo nini, Mama?"

Nikabaki nimesimama na shuka yake iliyorowa mkononi, maji yananidondokea miguuni. Nikamwambia, "Ndivyo ulivyokuwa ukifanya kwa Babu."

 Akageuka akalala kifudifudi, na mkono wake nikauona unapapasa mkekani, pale alipokuwa akilala Baba, kisha akauvuta akauweka chini ya shavu.

Neno sikulipata. Kesho nitakwenda hivyo hivyo.